Sura ya Tano: Uongo wa Kumnyamazisha Mtoto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba nyingi za Mbagala, Tabata na Buguruni, dada wa kazi anamchukua mtoto na kumpeleka uani akaone kuku. Mama, viatu mkononi, anapita mlango wa mbele, analirudisha geti taratibu lisigonge, kisha anakimbilia daladala. Mtoto anarudi ndani, hamwoni. Anachungulia nyuma ya pazia, anaingia chumbani, anainua shuka. Hapo ndipo analia, na kwa kuwa mama yuko mbali hasikii, anaamini mtoto amebaki vizuri.

Uongo wa namna hii umejaa majumbani mwetu na karibu wote unasemwa kwa mapenzi. "Nyamaza, nitakuletea baiskeli." "Ukilia polisi anakuja." "Haiumi hiyo." "Dada ameenda sokoni, anarudi sasa hivi." Unasemwa kwa sababu mtoto analia, uji unafurika jikoni, gari linaondoka, na mzazi anatafuta dakika mbili za kupumua. Mzazi huyo simlaumu. Amechoka, na wengi wetu hatukuwahi kuonyeshwa njia nyingine, maana nasi tulinyamazishwa hivyo hivyo. Hata hivyo sitazunguka: uongo huu unaharibu kitu ambacho hakuna ada ya chekechea itakayokirudisha. Mtoto mdogo hawezi kuutuliza moyo wake peke yake. Hutulia kwa kumtegemea mtu mzima aliye karibu, na hawezi kumtegemea mtu ambaye leo anasema kweli, kesho anadanganya.

Jambo hili lilichunguzwa mapema hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyekuwa amepata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii huko Makerere. Akaenda vijijini kwa Waganda na kuanza kutembelea familia 26 zenye watoto wachanga, akiwa na mkalimani, kila baada ya wiki mbili hivi, akikaa nao kama saa mbili kila anapokwenda. Alichotaka kukiona ni kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia habari za desturi ambayo wengi wetu tunaifahamu: mtoto hupelekwa kwa bibi ili alisahau ziwa la mama. Alikuta desturi hiyo imeshafifia, lakini kukaa kwake sebuleni mwa watu kulimwonyesha jambo kubwa zaidi.

Aliona mtoto anatambaa kutoka pale mama alipokaa, anafika mlangoni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, anaendelea. Akishtuka anarudi mbio, anagusa nguo ya mama, anapata nguvu, anaondoka tena. Ujasiri wa mtoto wa kwenda mbali ulitokana na uhakika wake wa kurudi. Aliona pia kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa na mama wenye maelezo mengi juu ya watoto wao: analala vipi, anachukia nini, leo amefanya kipi kipya. Ni mama waliowatazama watoto wao. Ainsworth aliyaandika haya katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mlezi wake imejengwa juu ya kazi iliyoanzia kwenye nyumba hizo za Uganda.

Sasa mrudie yule mtoto wa Tabata. Kuanzia kama miezi 8 hadi mwaka na nusu, na kwa wengine hata zaidi, kuachwa na mlezi wake ndiyo hofu yake kubwa. Anapotorokwa, anachojifunza ni kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote, tena wakati yeye mwenyewe akifurahia kuku. Siku ya pili anakataa kwenda uani. Siku ya tatu anashika upindo wa kanga ya mama hadi chooni. Watu wa nyumbani wanasema mtoto anadeka. Hadeki. Anafanya ulinzi, kwa sababu amejua kwamba akizubaa ataachwa.

Kuaga kunaliza, hilo kweli. Lakini na kutoroka kunaliza, tofauti ni kwamba aliyetoroka hayupo kusikia. Anayeagwa kila siku kwa maneno yale yale huzoea, na kilio chake huwa kifupi, kwa sababu kila jioni ahadi inatimia. Agana naye kwa ufupi, na kurudi kwako kutaje kwa alama anayoijua. Mtoto wa miaka miwili haijui saa kumi na moja. Anajua usingizi wa mchana, anajua uji wa jioni, anajua adhana ya magharibi, anajua kuku wakiingia bandani. "Mama anakwenda kazini. Utakula, utalala, utaamka, utakunywa uji. Kuku wakiingia bandani, mama naye anarudi." Kama ana kanga yako anayoipenda, mwachie. Kisha ondoka, wala usirudi mlangoni mara tatu kumbembeleza, maana kila ukirudi unamwambia kwamba hata wewe huna hakika. Na siku ukikwama kwenye foleni ya Ubungo, piga simu. Dada amwambie mtoto kwamba leo kuku wametangulia, mama yuko njiani. Hilo nalo ni kutimiza ahadi.

Ahadi ndiyo inayofuata, maana katika nyumba zetu ahadi kwa mtoto imekuwa kama si ahadi. Tunasema ahadi ni deni, halafu tunamkopa mtoto kila siku bila nia ya kulipa. Baiskeli, safari ya Bagamoyo, chipsi za jioni, simu ya kuchezea "baadaye". Tunadhani amesahau kwa sababu ameacha kuuliza.

Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2013. Walichukua watoto 28 wa kati ya miaka 3 na 6. Kila mtoto alipewa rangi kuukuu za kuchorea, akaambiwa asubiri, mtu mzima anakwenda kumletea nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa. Nusu nyingine mtu yule alirudi mikono mitupu akisema samahani, kumbe hazikuwepo. Likarudiwa jambo hilo kwa stika. Ndipo kila mtoto akawekewa peremende laini mezani: ukiila sasa ni hiyo moja, ukisubiri nirudi utapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri, kwa wastani, dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika 3. Ni ahadi mbili tu zilizovunjwa, tena na mtu wasiyemjua, ndani ya muda mfupi.

Tumezoea kumwona mtoto asiyeweza kusubiri kuwa ana tamaa au hana adabu. Mara nyingi ana kumbukumbu nzuri. Kwa uzoefu wake, kitu kisichotiwa mdomoni sasa hakitaonekana tena, na kwa uzoefu huo kukikwapua ni akili. Subira haiwezi kuota kwa mtoto ambaye kusubiri hakujawahi kumletea kitu.

Waislamu wa pwani wanayo hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya mama aliyemwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Kinachonigusa ni udogo wa jambo lenyewe. Si kiwanja wala mahari, ni neno la kumwita mtoto aje, na limehesabiwa.

Kwa hiyo ahidi kidogo. "Sijui kama nitapata hela ya chipsi leo" ni jibu zuri kwa mtoto wa miaka minne, na ni bora kuliko "nitakuletea" ya kila asubuhi. Atanuna, labda atasusa chakula. Kununa kunapita. Na ikitokea umeahidi ukashindwa, sema wewe kabla hajauliza: "Niliahidi chungwa, sikupata. Najua ulikuwa unalingoja." Mtoto akisikia hivyo anaelewa kwamba deni lake halikusahauliwa.

Vitisho ni uongo wa aina nyingine, na huu una madhara ya moja kwa moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Gail Heyman na wenzake waliwauliza wazazi wa Marekani na China kama huwadanganya watoto ili watii. Asilimia 84 ya Wamarekani na 98 ya Wachina walikiri, na uongo uliozoeleka kuliko wote ulikuwa ule unaosikika hata pale Kariakoo: "Haya baki hapo, mimi naondoka." Sisi tumeongeza ya kwetu. Polisi atakukamata. Daktari atakuchoma sindano. Yule mzee mwenye gunia atakubeba. Zimwi liko chooni.

Tufikirie matokeo yake. Mtoto wa Tanzania hukutana na chanjo tangu anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18. Kila mara aliyevaa nguo nyeupe anatajwa nyumbani kuwa adhabu, na kila mara anapelekwa kwake. Akifika miaka mitatu, nesi akitaka tu kumpima uzito, mtoto anajirusha chini. Kuhusu polisi ni hatari zaidi. Mtoto akipotea sokoni, unataka amkimbilie nani? Vituo vyetu vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, lakini halitamfaa mtoto aliyefundishwa miaka minne kwamba aliyevaa sare hukamata watoto wanaolia. Na mzee mwenye gunia ni mtu wa mtaani, pengine maskini, pengine mgonjwa wa akili. Tunamfundisha mtoto kumwogopa na kumdharau jirani kabla hajajua jina lake.

Mwambie kweli, kwa maneno ya kiasi chake: "Sindano inauma kidogo, kisha inapoa. Nitakupakata. Ukitaka kulia, lia." Mtoto aliyeambiwa hivi atalia pengine sawa na mwenzake. Lakini atalia akiwa kifuani mwa mtu aliyemwambia ukweli, na mara ijayo akiambiwa kitu hakiumi, ataamini.

Hapo tumefika kwenye uongo ninaouona mzito kuliko wote kwa makuzi ya kihisia, nao ni kumkanushia mtoto anachokihisi. Mtoto anaanguka uani, goti linachubuka. Tunafanya moja ya mambo mawili. Ama tunamwambia "hujaumia, inuka", ama tunaipiga sakafu. "Nani kakupiga? Hii hapa? Ngoja tuichape!" Bibi anaichapa sakafu kwa kiganja, mtoto naye anaichapa, machozi yanakauka, kila mtu anacheka. Inapendeza kuitazama. Lakini mtoto amefundishwa kwamba maumivu yana mkosaji, na kwamba dawa yake ni kupiga. Wiki mbili baadaye anampiga mtoto wa jirani kwa kofi lile lile, nasi tunajiuliza kalitoa wapi.

Goti likichubuka, inatosha kukaa chini ukalitazama. "Umeanguka. Goti linauma. Ulikuwa unakimbia, ukajikwaa kwenye jiwe hili." Kisha maji, kisha kumpakata mpaka atulie. Mtoto anapewa vitu vitatu kwa mara moja: jina la anachokisikia, sababu yake, na mtu wa kukaa naye. Akipewa hivyo kwa mamia ya magoti, atakuwa na maneno ya kutumia hasira ikija, au wivu wa mdogo wake aliyezaliwa juzi. Wataalamu wa wizara zetu huyaita haya malezi yenye mwitikio, na yamewekwa ndani ya programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8 iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Jina ni la kiofisi, kazi yenyewe inafanyika uani.

Kwa watoto wa kiume tunazidisha. "Mwanaume halii" anaambiwa mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye hata kufunga kifungo hajui. Analia bado, ila anaanza kulia kwa siri, na baadaye huzuni yote hutoka kama hasira kwa kuwa hasira ndiyo hisia pekee aliyoruhusiwa. Wanaume wa namna hiyo tunao, na wake zao wanajua.

Uongo mwingine tunamlazimisha mtoto mwenyewe auseme. Amemnyang'anya mwenzake gari la waya, amemng'ata mkono. Tunamshika sikio: "Sema samahani!" Anasema huku anatazama gari. Amejifunza neno la kumwondoa mtu mzima. Ingefaa umshushe hadi usawa wa mwenzake, umwonyeshe mkono: "Tazama alama za meno. Analia kwa sababu inamuuma. Tumfanyie nini?" Mtoto wa miaka mitatu ana majibu mazuri ajabu. Atakwenda kuleta maji, atarudisha gari, pengine atatoa embe lake. Samahani ije baada ya hapo, na isipokuja leo, embe limeshasema. Huko kwenye michezo ya kujipikilisha, kombolela na rede ndiko mtoto anakojifunza kungoja zamu, kushindwa na kupatana, mradi mtu mzima aliye karibu asikimbilie kuamua kila ugomvi.

Kuna sababu nyingine ya kutomkanushia mtoto anachokihisi, na wazazi wachache huiunganisha na goti lililochubuka. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, uligundua kwamba karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mtoto anayepatwa na jambo hilo anahitaji kusema, na atasema kwa mtu aliyezoea kumsikiliza. Aliyeambiwa "haiumi" wakati inauma, "acha uongo" wakati anasema kweli, na "usimwambie baba" wakati shangazi amempa soda, ameshafunzwa kunyamaza na kutunza siri za watu wazima. Nyumba isiwe na siri za kumficha mama au baba, hata siri ya soda. Mtoto akisema hamtaki mgeni fulani amshike, usimlazimishe kumkumbatia kwa ajili ya heshima. Kusalimia kwa shikamoo kunatosha. Na kama amekwambia neno la kutisha, mwamini kwanza, kisha piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Nimemtaja dada wa kazi mara kadhaa, naye anastahili zaidi ya kutajwa. Katika nyumba nyingi za mjini ndiye anayekaa na mtoto saa kumi au zaidi kwa siku. Anajua anachukia nini, analala vipi. Ni yeye ambaye Ainsworth angemuuliza maswali. Halafu siku moja, kwa ugomvi wa mshahara au simu kutoka kijijini, dada anaondoka alfajiri, na mtoto anaambiwa ameenda sokoni. Anamngoja wiki nzima. Wa pili akija, mtoto anamkataa au anamng'ata, naye anaitwa mtundu. Mtoto huyo amefiwa kwa kipimo chake, na hakuna aliyempa pole. Dada akiondoka, aage. Mtoto aambiwe amerudi kwao Iringa au Singida, hatarudi kukaa hapa, alikuwa anampenda. Ikiwezekana, wapigiane simu Jumapili.

Na kifo chenyewe. Babu anafariki, watu wanajaa, turubai linafungwa, wanawake wanalia ndani, na mtoto wa miaka minne anaambiwa babu amesafiri. Msiba unakwisha, majamvi yanakunjwa. Jioni gari likisimama nje, mtoto anakimbilia mlangoni. Anaambiwa si babu. Kesho anakimbia tena. Watoto wengi huanza kuelewa sawasawa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi na kwamba kila kiumbe hufa. Kabla ya hapo wanahitaji kuambiwa wazi, tena mara nyingi, na kila "amesafiri" huwarudisha nyuma. "Amelala" ni mbaya zaidi, kwa sababu usiku wanatakiwa na wao walale.

Sema: "Babu amekufa. Hapumui tena, hasikii njaa, haumwi. Tumemzika. Hatarudi, ndiyo maana tunalia." Yale ambayo dini yenu inasema kuhusu roho yake yafuate baada ya hapo, yasichukue nafasi yake. Atauliza tena kesho, wakati wa kula, mbele ya wageni. Mjibu kwa maneno yale yale.

Wazazi, bibi, shangazi na dada wa nyumba hiyo, kaeni jioni moja mkubaliane mtamwambia nini, kila mmoja aseme hivyo hivyo. Mtoto akiuliza babu yuko wapi, asipewe majibu matatu na watu watatu.